Kabla Sijafa Nimwone Baba

Jumamosi, 8 Februari

Nimepanda ndege! Mimi! Naandika hata viatu sijavua, masikio yameziba kama yamejazwa pamba.

Sasa ukweli, maana humu hakuna wa kumdanganya. Nilikalishwa dirisha la juu ya bawa. Tangu utotoni naota mawingu, nikaona bawa. La kijivu, lina kiraka. Abiria wa pembeni alisinzia begani kwangu tangu tunaondoka mpaka tunatua. Chai ya uvuguvugu. Huko nilikokwenda sikutoka hata nje ya uwanja, nikasubiri ndege ya kurudi mpaka makalio yakafa ganzi, maana Mama hawezi kuachwa alale peke yake.

Lakini nimetimiza. Siku ile kwenye benchi la hospitali, nikisubiri majibu ya uvimbe wangu, niliapa: yakitoka salama, sifi na hamu. Kuna mambo matatu nimeyaahirisha maisha yangu yote. Kupanda ndege. Kujua kuogelea. La tatu hata humu naona haya kuliandika. Majibu yakatoka salama. Limebaki kovu tu chini ya kwapa.

Mama nilipomsimulia alicheka kwa ule upande wa uso ulio mzima. Tangu kiharusi hajatamka neno, ila anaelewa kila kitu, na mkono wa kushoto una nguvu kuliko yangu yote miwili. Nesi naye alikuwapo. Ni nesi mstaafu wa ghorofa ya chini, ndiye anayeshinda na Mama nikiwa kazini. Akaniuliza nimeona nini huko juu. Nikasema: Bawa. Akasema: Ungeniambia mapema, ningekuonyesha la kuku.

Jumapili, 23 Februari

Nimeelea! Mwenyewe, bila kushikwa!

Nilidhani nitajisikia samaki. Nilijisikia nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Mwalimu wa kuogelea ananiambia legeza shingo mama, maji hayaumi. Nikalegeza. Masikio ndani ya maji, macho juu kwenye paa la bati. Raha, sikatai. Halafu likaja swali, likakaa kifuani: Ndiyo hiki? Miaka yote ile ya kutamani, ndiyo hiki tu?

Labda vitu vyote viko hivyo. Vikubwa kwa mbali, ukivishika vinaingia mfukoni.

Haya. Limebaki moja, na nitaliandika. Kabla sijafa nimwone baba. Anishike, aniite mwanangu. Hata mara moja.

Nina miaka arobaini na ushee na sijui hata urefu wake. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza Mama, jibu lilikuwa "Alisafiri." Atarudi lini? "Kula, chakula kinapoa." Mama mdogo, mdogo wake Mama, alikuwa mbaya zaidi. Siku niliyomuuliza alinifinya paja mpaka ikabaki alama. Nikahitimisha mwenyewe: alituacha kwa mwanamke mwingine, na hawa wanaona aibu.

Basi leo nimethubutu. Kuna ukurasa kwenye simu wa watu wanaotafuta ndugu zao. Nimeweka picha ya Mama ya usichana, ile moja tuliyonayo, na yangu pembeni. Mama mdogo asijue. Mama naye asijue, iwe zawadi.

Jumatatu, 24 Februari

Baba amejibu!!

Nilikuwa kazini, kwenye mashine nasaga lenzi za miwani, simu ikatetemeka, nikaharibu lenzi ya mteja. Siku moja tu! Kama mtu aliyekaa miaka yote na mkono juu ya simu.

Meseji ya kwanza: Mama yako yu hai?

Ya pili: Mnakaa wapi?

Habari zangu hakuuliza. Si kitu. Atakuwa amechanganyikiwa kama mimi.

Jumapili, 2 Machi

Nimemwona. Nimemwona baba yangu!

Mrefu, mwembamba, amenyooka. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata. Na pua yangu! Pua yangu kabisa, imesimama kituo cha mabasi katikati ya umati, nikaitambua kabla ya mwenyewe. Akatua begi, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akasema "Mwanangu." Nikalia pale pale, watu wakawa wanatupisha.

Ndege ilikuwa bawa. Bwawa lilikuwa maji. Lakini hiki kimezidi nilivyokiota! Njia nzima nimemshika mkono kama mtoto anayepelekwa shule.

Nyumbani nilimkaribisha kiti. Hakukaa. Akauliza: Yuko chumba kipi?

Mama alikuwa ameegemea mito, anatazama dirishani kama kawaida yake, Nesi anamkata kucha. Nikasema, "Mama, nimekuletea mgeni." Akageuka. Akamwona. Nilidhani kiharusi kimerudi. Uso mzima, hata upande uliokufa, ulisogea. Kisha akafumba macho. Mpaka sasa naandika hajayafumbua. Na godoro tulilikuta limelowa, jambo ambalo halijatokea tangu atoke hospitali.

Baba alifungua begi akatoa viatu vya kike, vyeusi, vya kizamani, vimeng'arishwa mpaka vinaakisi taa. "Aliviacha," akasema. Akainama, akavipanga chini ya kitanda, visigino ukutani, ncha zinatazama nje. Polepole. Kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

Amevitunza miaka yote hiyo! Kuna mwanamume wa namna hiyo bado duniani?

Nesi alipima presha ya Mama akakunja uso. Nikamwambia ni furaha hiyo. Akasema: Furaha naijua.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja kwa siku chache. Nimemwomba akae. Hakubisha hata kidogo.

Nyumba imebadilika. Bomba la jikoni halivuji. Viatu vyangu vya kazini navikuta asubuhi vimepigwa rangi. Nikirudi chakula kiko mezani kimefunikwa. Sijawahi kupikiwa na mwanamume maishani, hata yule niliyeolewa naye hakuwahi kunichemshia maji. Nikila, Baba ananitazama. "Kula, mwanangu." Naongeza hata kama nimeshiba.

Jana aliniletea chakula dukani. Dada wa mapokezi akatutazama, mara mimi mara yeye, akasema: Pua moja, wenyewe wawili! Mpaka daktari wa macho akatoka chumbani kwake kuja kuangalia. Nikaona fahari, acha tu.

Tukampima macho hapo hapo. Haoni mbali. Anasema ameishi hivyo miaka mingi, watu wa ng'ambo ya barabara ni ukungu mtupu, alikuwa akiwafuata wanawake wa watu akidhani amemwona Mama. Daktari akacheka. Na mimi nikacheka. Baba hakucheka.

Namtengenezea miwani mwenyewe, kwa mkono wangu.

Jumatano, 12 Machi

Miwani iko tayari. Nimezisaga zile lenzi kwa uangalifu kuliko za mteja yeyote, kingo laini kama ukucha wa mtoto. Akaivaa sebuleni, akageuka huku na huku. Halafu akaenda kusimama mlangoni kwa Mama.

"Sasa namwona vizuri," akasema.

Akavuta kiti akakaa, mikono magotini. Alikaa mpaka chai ikapoa. Mama amefumba macho.

Wakati wa kula nikamsimulia mambo yangu matatu, ndege, bwawa na yeye. Nikamwambia ni yeye tu aliyefikia nilivyotamani. Akanishika mkono. Nikamuuliza: Na wewe Baba, una jambo gani unalotaka kulitimiza kabla hujafa?

Akafikiri. "Moja tu," akasema. "Na wewe umeshanitimizia nusu."

Na hiyo nusu nyingine?

"Nayo itafika." Akaniongezea mchuzi.

Nimefurahi kuwa nusu ya ndoto ya mtu. Sijui kwa nini basi sina usingizi.

Jumapili, 16 Machi

Balaa. Nesi ameondoka.

Nilikuwa nimetoka kununua sabuni, nikamkuta ngazini anashuka na kikapu chake, shingo imevimba kwa hasira. Baba amemwambia asante kwa yote, lakini nyumba ina mwenyewe sasa. Kwa heshima kabisa, anasema Nesi. Hata mlango alimfungulia.

Nikajaribu kumtuliza. Akaniambia polepole, kama anavyoongea na wagonjwa: "Mwanangu, mimi nimeuguza watu tangu wewe hujazaliwa. Mtu aliyelala kope zake zinalegea. Za mama yako zinakaza. Yule halali. Anajifanya amelala. Kutwa nzima."

Nikamwambia anaona wivu. Kweli, nilisema hivyo! Kwa mtu aliyemgeuza Mama kitandani kila siku asipate vidonda.

Aliteremka tu, mkono ukutani.

Baba anasema: Watu wa nje huzoea, wakajiona wenye nyumba.

Labda. Ni mume wake, hata hivyo. Nani mwenye haki zaidi ya kumuuguza?

Jumatano, 19 Machi

Mama amekonda. Baba anasema anakula vizuri mchana. Jioni nikimlisha mimi, anakula kwa pupa, anauma mpaka kijiko.

Kitanda nimekuta kimehamishiwa ukuta wa ndani. Eti dirishani kuna upepo. Mama alikuwa anapenda barabara yake, watu wake, kelele zake. Sasa uso wake umeelekezwa kwenye kabati. Nikamwambia Baba angalau angeniuliza. Akasema nisichoke bure na mambo madogo, nina kazi ngumu.

Sauti ile ile ya upole. Ukibishana nayo unajiona mkorofi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimewahi kurudi, umeme ulikatika dukani. Nikaingia bila kelele, si kwa makusudi, ni hizi raba. Alikuwa anaongea chumbani kwa Mama. Chini chini, mfululizo, kama mtu anayesimulia hadithi ndefu iliyokwisha kusimuliwa jana na juzi. Nikashika neno moja moja. "...na hapo pia nilikwenda. Nikauliza. Wakasema umehama..." Ubao wa sakafu ukalia. Akanyamaza. Akatoka anatabasamu: Mwanangu, mbona mapema?

Nikauliza, tena kwa utani: Baba, nyie mliachana kwa nini?

"Sisi hatukuachana," akasema. "Nani amekwambia tuliachana? Sikumpa talaka. Yule ni mke wangu."

Miwani ilikuwa na mwanga wa dirisha, macho yake sikuyaona.

Jumatatu, 31 Machi

Mama mdogo alinipigia mchana nikiwa dukani. Kila mara hupiga nyumbani jioni, nami nimekuwa nikisema Mama amelala. Leo akasema: Wiki zote hizi Mama analala tu? Kuna nini mnanificha? Nikashindwa. Nikamwambia. Nikamwambia kwa furaha hata, nimempata Baba, yuko nasi, anapika!

Akasema: Yuko wapi sasa hivi?

Nyumbani na Mama.

Na wewe?

Kazini.

"Toka hapo," akasema. "Toka sasa hivi. Nitaongea huku unatembea."

Nikatembea na koti la kazi mwilini, vumbi la lenzi mikononi. Akaongea. Hakuwa akilia, angelia ingekuwa nafuu. Mama hakuachwa. Mama alitoroka. Alikuwa na mimba yangu, kubwa, siku hiyo Baba alisahau kufunga mlango kwa nje, Mama akatoka vile alivyo, bila viatu, kwa sababu viatu Baba alikuwa akivificha ili asiende mbali. Miguu ilivimba wiki nzima. Amehama mji baada ya mji na mimi mgongoni. Hata jina alibadilisha — jina ninalomjua nalo Mama si lake. Kila tulipohama, baada ya muda mtu alikuja kuuliza majirani. Mrefu, mpole, ana adabu. "Akija kwetu alikuwa akituambia ataacha kumtafuta siku atakapokufa," Mama mdogo akasema. "Sisi tulidhani amekufa."

Kisha: "Wewe umempa nyumba mpaka namba ya mlango."

Nikakimbia. Nilipofika, kila kitu shwari. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamchana Mama nywele. Mgawanyo katikati, mikia miwili. Mtindo wa ile picha ya usichana.

"Anapendeza, siyo?" akasema.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemuuliza. Sikuweza kulala nalo.

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta. Alisema mama yako alikuwa na ugonjwa wa mawazo tangu usichana, mdogo wake ndiye aliyemjaza hofu, walimtenga yeye, baba, na mtoto wake wa pekee. Yaani mimi. Machozi yakamtoka. Ya kweli, nimeyaona yakidondoka kwenye shati. Nilitaka kumfuta! Nusu yangu ilitaka kumfuta.

Nani mwongo? Mama mdogo hajawahi kunidanganya. Lakini alinificha maisha yangu yote, na hiyo nayo ni nini?

Alhamisi, 3 Aprili

Sasa najua.

Nilimtuma Baba mkate. Nikasikia mlango umefunguka na kufungwa. Nikaingia kwa Mama, nikapiga magoti karibu na uso wake, nikamwambia: Mama, ametoka. Tuko wawili. Kama unamwogopa, nifinye mkono. Mara moja tu. Nikaweka vidole vyangu kwenye mkono wake wa kushoto.

Akafumbua macho. Mara ya kwanza tangu siku ile, macho ya Mama! Mekundu, makavu. Nikasubiri anifinye. Hakufinya. Akaufungua mkono wake, vidole vikakaa wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hajashika kitu. Nikasema, Mama, jamani, finya. Hakufinya. Nikaanza hata kufikiri basi, kumbe Baba alisema kweli.

Ndipo nikaona hanitazami mimi. Anatazama juu ya bega langu.

"Mkate upo, mwanangu," Baba akasema mlangoni. "Nimekumbuka tulinunua jana."

Alikuwa bado hajavaa viatu vya kutokea. Alikuwa na soksi tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Kazini nimeomba ruhusa, nimesema Mama amezidiwa. Nimehamisha godoro langu chumbani kwake. Baba ameniletea shuka jipya, akalitandika mwenyewe.

Nimeteremka kwa Nesi, dakika tu, mlango wa juu nimeuacha wazi nisikie. Sikujua nianzie wapi. Akasema: Acha kuomba msamaha, sema unataka nini. Tumekubaliana: Mama mdogo akifika, sisi watatu tunamteremsha Mama kwake kwa shuka, ngazi kwa ngazi. Wawili hatuwezi, tutamwangusha.

Niwaite polisi? Niwaambie nini? Kuna mzee anamchana mkewe nywele?

Shajara hii haikai tena nyumbani. Nitaibeba kwenye mkoba.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia aondoke.

Nilikuwa nimejipanga kwa maneno, nikayasema yote kwa mkupuo, nimesimama, yeye ameketi anamenya viazi. Kisu hakikusimama. Ganda moja refu, halikukatika.

"Nitakwenda wapi?" akasema. "Mimi sikuja, mwanangu. Niliitwa."

Nikasema najua, nimekosea, lakini uondoke.

Akatazama kiazi. Akasema: Ulinililia kituoni. Ulinishika mkono njia nzima. Ulitaka baba, nimekuwa baba. Kuna siku nimekuinulia sauti? Kuna siku umelala na njaa?

Hakuna. Ndilo linaloniua. Hakuna hata siku moja. Kama angenitukana ningepumua.

Nikarudia: Uondoke. Sauti yangu ikatoka ndogo kama ya mtu mwingine.

"Sawa," akasema. "Jumanne."

Rahisi hivyo! Mama mdogo naye kapata basi la kufika Jumanne mchana. Ningefurahi. Mbona sifurahi?

Jumatatu, 7 Aprili

Ameshinda akisafisha. Amefuta madirisha, ameosha vyombo ambavyo havijatumika mwaka mzima, amepaka mafuta bawaba za milango, hazilii tena. Anaimba chini chini. Mtu anayefukuzwa haimbi.

Amemwosha Mama uso kwa kitambaa mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Amemwambia, "Kesho." Tu. Nikauliza kesho nini? Akasema: Kesho si naondoka?

Jumanne, 8 Aprili

Nimekaa ngazini, nje ya mlango wangu mwenyewe. Nesi amesema nishike kitu chochote niache kujikwaruza mikono. Nimeshika hiki.

Asubuhi alikuwa mwema. Kanywa chai, kafunga begi, katandika kitanda chake. Nikamwitia teksi. Akasimama mlangoni kwa Mama, mimi nimejiweka katikati yao. Akasema "Haya," basi. Mama macho amefumba. Nikasema nimbebee begi, akakataa, binti habebi mzigo wa baba yake. Tukashuka. Nilimsindikiza! Nilitaka nimwone akiingia kwenye gari kwa macho yangu, nione gari likikata kona.

Getini akatua begi, akajipapasa. Koti. Amesahau koti lake nyuma ya mlango. "Nisubiri na begi, mwanangu." Nikataka kwenda mimi. Ameshafika ngazini, miguu yake mirefu, anapanda mbili mbili.

Nikasubiri na begi. Dereva akapiga honi. Nikainua begi niliweke kwenye buti, angalau tuokoe muda, likaja juu lenyewe kama halina kitu. Nikalifungua. Magazeti ya zamani. Magazeti na mto wa kochi letu.

Sijui nimepandaje. Mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Mbao nzito, tuliuweka wenyewe tukiogopa wezi.

Nesi amepanda na nguo ya kulalia. Amegonga kwa ngumi, amegonga kwa kiatu. Polisi nimewapigia. Wakauliza ndani kuna nani. Baba yangu. Nani mwingine? Mama yangu. Yule mtu wa simu akasema: Kwa hiyo ni mke na mume? Nesi akanipokonya simu, akawaambia mambo ambayo sikujua anaweza kuyatamka. Wamesema gari litakuja. Mama mdogo yuko njiani, simu yake haipatikani. Fundi wa milango wa ng'ambo ya barabara ameitwa, anatafuta vifaa vyake.

Nimeita Baba. Nimeomba. Nimemwambia abaki, akae, akae siku zote, afungue tu.

Amekuja mpaka mlangoni. Nimesikia pumzi yake kwenye tundu la ufunguo. "Umefanya kazi yako, mwanangu," akasema. Kwa upole. "Pumzika sasa." Nyayo zikarudi chumbani.

Sasa hivi anaita. Si kwa ukali, kama mtu yeyote anayemwita mkewe aliye chumba cha pili. Anaita jina nisilolijua. Anaita tena. Nesi ameacha kugonga.

Na Mama ameitika. Mama, ambaye hajatamka neno tangu alipoanguka!

"Abee."

Sauti ya msichana. Safi, haina hata kigugumizi.

Sasa kimya.

Fundi amefika. Amechomeka mtaimbo ubavuni mwa mlango, anasema fremu yote itaharibika, ananiuliza mimi mwenye nyumba avunje au tusubiri gari. Nimemjibu. Anauliza tena. Nimemjibu. Nesi ananitikisa, sema basi, mbona midomo inacheza tu. Sauti haitoki. Naandika hapa kwa herufi kubwa nimwonyeshe

VUNJA